La Défense
La Défense ni eneo la maofisi magharibi mwa Paris, Ufaransa, nje kidogo ya mpaka wa jiji, katika manispaa za Puteaux, Courbevoie na Nanterre. Ujenzi wake ulikabidhiwa shirika la umma, EPAD, mwaka 1958. Paris yenyewe, ikiwa imechoshwa na mnara wa Montparnasse wa mita 210, ilibana urefu wa majengo mapya mwaka 1977. Maghorofa marefu yakarundikana La Défense badala yake. Mahali pazuri pa kuyatazama ni juu ya tao la Arc de Triomphe jijini Paris: barabara imenyooka hadi Grande Arche, lango la mita 110 lililozinduliwa mwaka 1989. Ukikaza macho utaona limekaa mshazari kidogo. Halikukosewa, misingi yake ililazimika kukwepa njia za reli na barabara zipitazo chini ya ardhi.