Mizani ya Mkulima



Juma hili tujiulize: kwa nini wakulima huamua kuuza mazao yao kwa sauti moja?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa pamba wa Usukumani alifika kwa mnunuzi akiwa na mashaka na mizani. Hakuwa na gari la kupeleka mzigo kwingine, wala pamba hailiwi. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili kila mmoja ajue uzito wa mzigo wake kabla ya kuuza. Juu ya msingi huo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, vilivyounda Shirikisho la Victoria mwaka 1955. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wametangulia tangu mwaka 1925.

Walitafuta bei, lakini si bei peke yake. Anayepunjwa kila msimu huaibika mbele ya watoto wake. Hivyo walitafuta pia heshima. Mwaka 1961, katika waraka Mater et Magistra, Papa Yohane XXIII aliwahimiza wakulima waungane, kwa kuwa sauti ya mmoja mmoja haisikiki.

Nasi tunayo historia yetu. Katika miaka ya 1970, bei moja ya mahindi kwa nchi nzima iliufanya mkoa wa Rukwa kuwa miongoni mwa maghala ya Taifa. Bei hiyo ilipoondolewa katika miaka ya 1980, umbali wetu na masoko ukawa tena mzigo wa mkulima. Kisha ikaja lumbesa: gunia moja kwa jina, gunia na nusu kwa uzito. Mkulima mmoja akiikataa, mnunuzi huenda kwa jirani. Kijiji kizima kikiikataa, ataenda wapi?

Hata hivyo, tusisahau upande wa pili. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Lakini vingi vililemewa na madeni na ubadhirifu wa viongozi wao wenyewe. Nabii Amosi aliwakemea wenye mizani ya uongo bila kuuliza kama ni wageni au ndugu.

Basi tuungane, na tukiisha kuungana, tukague pia mizani yetu wenyewe.