Laptopu Yako Inakwama? Fanya Hivi Kabla Hujaibeba kwa Fundi

Kuna siku utawasha laptopu, uende uweke chai, chai ichemke, uinywe, urudi upate ile duara bado inazunguka. Hapo ndio msee huanza kufikiria fundi. Unaitia kwa begi, unafika kwa kibanda chake, jamaa anaifungua dakika mbili, anakuangalia machoni na kusema: "Hii tuifomati tu."

Na kwa sababu hujui, unasema sawa.

Binamu yangu alisema sawa. Alikuwa amebakisha wiki chache tu amalize chuo, projekti nzima iko kwa hiyo mashine, pamoja na picha za mazishi ya guka wetu ambazo hakuna mwingine kwa familia alikuwa nazo. Jioni laptopu ilirudi ikikimbia kama imetoka dukani. Safi kabisa, na tupu kabisa. Alipopiga simu, fundi alishangaa: "Kwani hukuwa umetoa vitu zako?" Manze, hilo swali liliuma kwa sababu lilikuwa la haki.

Kwa hivyo hapa tunaongelea vitu unaweza kufanya mwenyewe ukiwa kwa keja, bila kufungua hata skrubu moja. Na naongea hasa juu ya ile mashine wengi wetu tuko nayo: HP, Dell ama Lenovo ya ex-UK, iliyofanya kazi ya ofisi ng'ambo miaka kadhaa kabla ije kuuzwa Moi Avenue. Mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka niiite kipakatalishi, lakini bado sijaskia mtu akiuliza bei ya kipakatalishi Luthuli.

Toa vitu zako kwanza

Faili ikiwa mahali pamoja tu, ihesabu kama imeshapotea, ni vile hujaambiwa siku. Iweke mahali pawili, na pamoja kati ya hapo pawe nje ya laptopu.

Vitu vyako vingi viko kwa folda nne: Desktop, Documents, Downloads na Pictures. Kama huzioni, fungua "This PC", ingia diski C, kisha "Users", kisha jina lako. Kopi hizo folda kwa diski ya nje. Flashi ni sawa kwa kubeba kitu kutoka hapa hadi saiba, lakini usiifanye stoo. Flashi hupotea, huazimwa na watu wasiorudisha, na siku ikiamua kufa haitoi notisi.

Huna diski ya nje? Akaunti ya Google inakupa GB 15 za bure, ingawa hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, kwa hivyo kama simu yako inapakia kila picha huko, nafasi inaisha haraka. Video za harusi hazitatoshea. Lakini projekti ya Word, CV na vyeti ulivyoskani huwa vidogo sana, bando ya kawaida inatosha. Kuna wasee hujitumia email kila jioni wakiwa na faili ya leo. Wengine hujitumia WhatsApp kwenye namba yao wenyewe. Zote zinafanya kazi, bora picha uitume kama "Document", kwa sababu ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp huipunguza ubora.

Chunga kitu kimoja: folda inayojisawazisha na Drive inafuata chochote unachofanya. Ukifuta kwa laptopu, inafutika huko juu pia. Una siku 30 za kuitoa kwa pipa la Drive, baada ya hapo imeenda.

Sasa kuna hili jambo ambalo watu wengi hawalijui hadi liwashike. Laptopu nyingi zenye Windows 11 hufunga diski yote kwa kufuli ya siri, inaitwa BitLocker ama "Device encryption". Ni kitu poa, mwizi akiiba mashine hasomi chochote. Lakini fundi akibadilisha motherboard ama akichezea mipangilio ya ndani, Windows inaweza kuamka ikidai namba ya tarakimu 48. Usipokuwa nayo, hata wewe mwenye mali utabaki nje. Mara nyingi namba hiyo huwa imehifadhiwa kwa akaunti yako ya Microsoft. Ingia aka.ms/myrecoverykey ukitumia simu, uiandike kwa karatasi, uiweke pamoja na title deed za mathe. Fanya hivyo leo, mashine ikiwa bado nzima.

Na kama umeshafuta?

Simama hapo hapo. Usidaunilodi kitu, usiweke programu, usiangalie hata muvi. Ukifuta faili, Windows haiifuti kwa kweli, inaandika tu kwamba nafasi hiyo iko wazi. Kila kitu kipya unachoweka kinaweza kukalia pale faili yako ilikuwa imelala.

Angalia "Recycle Bin" kwanza. Kama ulibonyeza Shift na Delete, haitakuwa huko, na kitu kilichofutwa kutoka kwa flashi pia hakipitii huko. Hapo jaribu programu ya bure kama Recuva ama PhotoRec, lakini idaunilodi kwa mashine nyingine, uiendeshe kutoka kwa flashi tofauti. Kwa diski ya zamani inayozunguka na kwa flashi, chansi ni nzuri. Kwa SSD chansi ni ndogo, kwa sababu SSD hujisafisha yenyewe baada ya kufuta.

Na kama stima zilipotea ukiwa katikati ya Word, usilie bado. Fungua Word, nenda "File", "Info", kisha "Manage Document", utapata mahali pa kurudisha kazi ambayo haikuwa imesevu. Haitakuwa yote, lakini kurasa tano ni bora kuliko sufuri.

Sasa, kwa nini inakwama?

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Inafunguka "Task Manager", kama imefunguka ndogo bonyeza "More details". Hapo ndipo laptopu inakuambia ukweli wake. Iache dakika kama mbili bila kufanya kitu, kisha uangalie safu za CPU, Memory na Disk.

Disk ikiwa inaganda kwa asilimia 100 ata kama hujafungua kitu, nenda "Performance" ubonyeze "Disk 0". Ikiandika HDD, umepata jibu lako. HDD ni sahani inayozunguka na sindano inayotafuta data, na Windows za siku hizi zinaisumbua kila sekunde. SSD haina kitu kinachozunguka. Kwa laptopu nzee, kubadilisha HDD kuwa SSD kunasaidia kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua. Nimeona mashine iliyokuwa inachukua dakika tano kuwaka ikiwaka kabla ya kumaliza kufunga kamba za viatu. Kama unaenda kwa fundi, nenda kwa hiyo sababu. Kufomati HDD iliyochoka kunakupa wiki mbili za raha, kisha unarudi palepale.

Memory ikiwa ndio imejaa, hesabu tabu za Chrome. GB 4 za RAM na tabu 23 haziwezi kuishi nyumba moja. Ongeza RAM kama mashine inakubali, ama ufunge tabu. Ukifunga ile ulikuwa unaihitaji, Ctrl, Shift na T inairudisha.

Kwa hiyo Task Manager kuna mahali pameandikwa "Startup". Hiyo ni orodha ya programu zinazojiamsha zenyewe kila ukiwasha laptopu. Zima zile hutumii kila siku, kama Spotify, Teams, Skype ya yule bosi wa Uingereza aliyekuwa nayo kabla yako. Kuzima hapo si kufuta, ukizitaka zitafunguka tu. Usiguse antivirasi na vitu vya sauti.

Halafu hii inashangaza watu: "Shut down" haizimi Windows kabisa. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup ambacho huhifadhi sehemu ya mfumo ili iwake haraka kesho, pamoja na matatizo yake ya jana. "Restart" ndiyo inaanza upya. Kama umekuwa ukizima mashine kila usiku miezi mitatu na hujawahi kurestati, anzia hapo, ni bure.

Diski C ikiwa nyekundu, ingia "Settings", "System", "Storage", kisha "Temporary files". Soma kabla ya kuweka tiki. Kwa hiyo orodha Downloads pia huwa imo, na kwa wengi wetu Downloads ndio kabati ya maisha yote, kuanzia statementi za M-Pesa hadi fomu za HELB.

Na uitoe kwa kitanda, jo. Blanketi linaziba matundu ya hewa, mashine inachemka, na ikichemka inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Nani anakula bando?

Unanunua GB moja, unawasha hotspoti ya simu, unafungua email mbili, na bando imeisha. Hujalogwa. Laptopu ikiona Wi-Fi inadhani iko kwa ofisi yake ya zamani huko Manchester, inaanza kujiapdeti kwa nguvu.

Ukiwa umeunganishwa na hotspoti, ingia "Settings", "Network & internet", "Wi-Fi", ufungue "Properties" za hiyo hotspoti na uwashe "Metered connection". Sasa Windows inajua intaneti hii inalipiwa, inaahirisha apdeti nyingi, na OneDrive inatulia. Mpangilio huu unashika kwa hiyo hotspoti peke yake, kwa hivyo ukibadilisha simu ama jina la hotspoti, uurudie. Kwa hapo hapo "Network & internet", "Data usage" itakuonyesha programu gani imekula ngapi.

Lakini apdeti si adui. Mara moja kwa mwezi tafuta Wi-Fi ya bure ya mtu unayemwamini, uiache ishibe.

Windows 10 je?

Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haitazimika, ila mashimo mapya yanayogunduliwa hayazibwi. Kwa matumizi ya nyumbani kuna nyongeza ya ulinzi hadi 13 Oktoba 2026, na unaweza kuipata bila kulipa ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi mipangilio yako huko. Itafute kwa ukurasa wa "Windows Update".

Kujua kama unaweza kuhamia Windows 11, angalia jina la prosesa. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Kwa Intel, Windows 11 rasmi inataka kuanzia kizazi cha 8. EliteBook 840 G3 zimejaa mtaani na ni za kizazi cha 6, kwa hivyo muuzaji akikuambia "hii inaingia 11 bila shida", muulize namba. Kwa hizo nzee, Linux Mint ni ya bure na inatosha kwa mtu wa intaneti na kuandika barua.

Na usikubali kuwekewa ile programu ya kuvunja leseni. Nyingi hukuambia uzime antivirasi kwanza, na hiyo peke yake ingekutosha. Ex-UK nyingi zilikuja na leseni yao ndani, angalia "Activation" kwa Settings. Defender iliyo ndani ya Windows inatosha, usiizime.

Ukiamua kwenda kwa fundi

Mwambie unachotaka: "Niwekee SSD." Kaa hapo ukiona akiifanya, kama ana nafasi. Toka kwa akaunti zako kwa brauza kabla ya kuiacha, na kama anadai nywila, ibadilishe kabla umpe, kisha ibadilishe tena ukirudi nyumbani.

Ile HDD ya zamani akiitoa, iitishe. Ni yako na bado ina vitu zako zote. Nunua kava ya USB ya kuiweka ndani, na hiyo ndiyo inakuwa diski yako ya nje.