Nani Ampishe Nani: Baiskeli, Magari na Barabara ya Kasongo na Kabambare

Barabara inayounganisha Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, ni njia ya mizigo ya tangu kale. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 100. Upande wa magharibi inashuka kwenye bonde la Lualaba. Upande wa mashariki inaingia nchi ya Wabangubangu na kuelekea Ziwa Tanganyika. Wapagazi, misafara ya pembe za ndovu, kamyo za pamba, baiskeli za mawese na pikipiki wamepokezana juu ya udongo huohuo. Kila kizazi kililazimika kuamua nani ampishe nani na nani ajibu watu wakiumia. Usalama wa barabarani katika eneo hili hauwezi kueleweka bila historia hiyo.

Njia ya misafara

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani walivuka Ziwa Tanganyika wakitokea Ujiji, wakaingia Maniema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Kabambare ikawa kituo cha njiani, na Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, ikawa soko kubwa. Msafiri David Livingstone alipita njia hiyo. Mwaka 1870 alikwama miezi mingi Bambarre, yaani Kabambare, kwa vidonda vya miguu. Kuanzia mwaka 1875 hivi, Tippu Tip, mmoja wa wafanyabiashara hao wa pwani, aliifanya Kasongo kuwa makao yake, na mji ukazungukwa na mashamba ya mpunga.

Njia yenyewe ilikuwa ya mguu, yenye upana wa mtu mmoja. Watu walifuatana mmoja nyuma ya mwingine, kila mpagazi akiwa na frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi. Wengi wa waliobeba pembe kutoka Maniema hawakuwa watu huru. Kwenye mito mikubwa walisubiri mitumbwi ya Wagenya na kulipa ujira wa kuvushwa.

Richard Burton, aliyesafiri kati ya pwani na ziwa katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika jinsi misafara miwili ilivyokutana kwenye njia nyembamba: msafara ulioongozwa na Mwarabu ulidai njia, nao Wanyamwezi wakikutana wenyewe kwa wenyewe waligombana kwa kupigana fimbo za mikuki na pinde. Njia ilikuwa ya mwenye nguvu, na mnyonge alikaa pembeni hadi msafara wa mwingine upite.

Mpira na mabega

Vita kati ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa pwani viliifikia Kasongo, iliyotekwa Aprili 1893, kisha Kabambare, iliyotekwa Januari 1894. Utawala ulibadilika, lakini mizigo ilibaki mabegani mwa watu. Safari hii mzigo mkubwa ulikuwa mpira wa msituni. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alikuwa ametengeneza tairi la upepo la baiskeli, na viwanda vya Ulaya vikawa na njaa ya mpira. Vijiji vya Kongo vililazimishwa kwa bunduki na viboko kuutafuta na kuubeba. Watu wa Kongo waliigharamia baiskeli kwa damu miaka mingi kabla wao wenyewe hawajaipanda.

Vita Kuu ya Kwanza iliongeza mzigo. Kampeni ya Wabelgiji iliyofika Tabora Septemba 1916 ilitegemea wapagazi, na katika miaka yote ya vita hivyo zaidi ya watu 200,000 wa Kongo walitumikishwa kubeba chakula na risasi. Maeneo ya mashariki, yaliyokuwa karibu na uwanja wa vita, yalitoa wengi.

Barabara za machifu

Reli ya kutoka Kindu hadi Kongolo ilikamilika mwishoni mwa 1910, lakini ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Kasongo na Kabambare zilibaki upande wa mashariki, na bidhaa zao zilihitaji kwanza barabara hadi mtoni. Kilimo cha lazima cha pamba, kilichoanza mwaka 1917 na kuigusa Maniema mapema, kiliongeza haja hiyo. Kisha yakaja machimbo ya dhahabu ya Namoya, katika eneo la Kabambare, na ya bati upande wa Kalima na Kampene. Kati ya vita viwili vya dunia njia za mguu zilipanuliwa ili kamyo zipite.

Walioipanua na kuitunza ni wanakijiji. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 kuhusu utawala wa wenyeji iliziwekea sheferi (maeneo ya machifu) na sekta wajibu wa kazi za lazima, zikiwemo kazi za barabara. Kila kijiji kilipewa kipande chake: kufyeka majani, kuzibua mitaro, kujaza mashimo na kubadilisha magogo ya madaraja. Kipande kikiharibika, aliyeadhibiwa alikuwa chifu au mwanakijiji. Dereva aliyepita kwa kasi baada ya mvua na kuupasua udongo hakuulizwa kitu. Waliotunza barabara na waliofaidika nayo hawakuwa watu walewale, na pengo hilo liliacha kovu: barabara ilionekana kuwa mali ya serikali, kitu ambacho mtu wa kawaida hana sauti juu yake.

Baiskeli inaingia

Baiskeli ilifika kwanza mikononi mwa wamisionari na mawakala wa makampuni. Baadaye, mwenye mshahara au fedha za mazao aliweza kuinunua: karani, mwalimu, katekista, mfanyabiashara mdogo, chifu. Kwa watu hao kinga, kama baiskeli inavyoitwa sehemu nyingi za mashariki mwa Kongo, ilikuwa heshima na chombo cha kazi kwa pamoja. Ilifupisha mwendo wa siku mbili kuwa wa siku moja. Kwa mara ya kwanza mtu wa Kasongo alikuwa barabarani akiwa mwenye chombo chake mwenyewe.

Umiliki huo ulileta wajibu. Mwenye baiskeli alitakiwa kulipa kodi, kuwa na breki na kengele, na kubeba taa usiku. Magari yalikuwa machache, na sauti ya kamyo ilisikika mbali. Mwendesha baiskeli alishuka na kuingia majanini hadi vumbi litulie. Desturi hiyo iliokoa maisha, lakini ilijengwa juu ya fikra ileile ya misafara, kwamba mdogo ndiye anayepaswa kujiokoa.

Miaka ya kusukuma

Baada ya uhuru wa 1960 barabara za Maniema zilianza kudhoofika. Uasi wa Simba wa mwaka 1964 ulipita Kasongo, Kabambare na Kindu na kuvunja biashara. Mwaka 1971 iliundwa Office des Routes, ambayo hadi leo inasimamia mtandao wa kilomita 58,129 kwa nchi nzima. Lakini hatua za Novemba 1973 za kuwanyang'anya wageni biashara zao zilivuruga maduka na usafiri wa vijijini, kwani wengi waliopewa mali hizo hawakuwa na vipuri wala mikopo. Kazi za lazima za pamoja, zilizoitwa Salongo, ziliwatoa watu kufyeka barabara, ila jembe halijengi daraja la mto Luama.

Vita vya 1996 na 1998 vilimaliza kilichobaki. Kamyo zilitoweka, msitu na nyasi ndefu zikaibana njia mpaka ikarudi kuwa ya mguu. Hapo baiskeli ikawa kamyo. Iliimarishwa kwa vyuma kwenye fremu na karia. Fimbo moja ilifungwa kwenye usukani ili kuuongoza kutoka pembeni, nyingine ilisimamishwa nyuma ya kiti kwa ajili ya kusukumia. Bidoni tano za lita 20 za mawese zina uzito wa kilo 90 hivi, na wengi walisukuma zaidi ya hapo. Walipeleka mafuta, mchele na karanga, wakarudi na chumvi, sabuni, nguo na dawa. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Mwingereza Tim Butcher, aliyepita kwa pikipiki kutoka Kalemie hadi Kasongo, alikutana na wasukumaji wa namna hiyo katika nchi isiyokuwa na gari linalotembea.

Wasukumaji walitembea kwa makundi kwa sababu za msingi. Kilima kimoja chenye utelezi kilihitaji watu wawili au watatu kwa kila baiskeli, na daraja la gogo moja lilihitaji mmoja ashike mbele na mwingine nyuma. Kusaidiana huku kulikuwa mfumo kamili wa usalama, uliotungwa na watu maskini bila polisi wala alama za barabarani. Ni wao walioziweka Kasongo na Kabambare hai katika miaka ambayo dola haikuweza.

Injini zinarudi

Amani ya mwaka 2003 ilirudisha pikipiki kwanza, kisha kamyo. Vijana wengi waliokuwa wakisukuma mawese wakawa wamotari, yaani waendesha pikipiki. Mwaka 2008 iliundwa FONER, mfuko wa taifa wa matunzo ya barabara, unaopata fedha hasa kutokana na tozo ya mafuta ya magari na ushuru wa barabarani. Huko Namoya mgodi wa kampuni ya Banro ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na magari mazito yakaonekana tena katika eneo la Kabambare hadi kazi iliposimamishwa mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama.

Barabara, hata hivyo, ilibaki ya udongo na nyembamba. Hatari yake kubwa inatokana na umbo hilo. Katikati huwa na mkondo mmoja mgumu unaopitika; pembeni kuna mchanga, makorongo na majani marefu. Kamyo, pikipiki, baiskeli na mwenda kwa miguu wote wanautaka mkondo huo. Msukumaji mwenye kilo 100 hawezi kuuacha ghafla, kwa sababu baiskeli ikianguka inahitaji watu wengine kuiinua. Kwenye mteremko, breki za baiskeli hazitoshi kuuzuia mzigo. Wakati wa kiangazi vumbi la gari la kwanza humficha mtu asionekane na gari la pili. Usiku, baiskeli isiyo na taa wala kiakisi mwanga huonekana wakati dereva hana tena nafasi ya kusimama.

Kasi huzidisha yote haya. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimamia breki huongezeka takriban mara nne, na juu ya changarawe au tope huwa mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba Afrika, yenye asilimia 3 tu ya magari ya dunia, ilibeba asilimia 19 ya vifo hivyo.

Wajibu kwa mujibu wa sheria

Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani mwezi Julai 1977, na tarehe 30 Agosti 1978 ikatunga sheria namba 78-022, ambayo ndiyo kanuni ya barabara ya Kongo. Mkataba huo unampa kila mmoja sehemu yake.

Dereva anatakiwa kurekebisha mwendo kulingana na hali ya barabara, uwezo wa kuona na mzigo wake, na kuacha nafasi ya kutosha ubavuni anapompita mwingine. Marekebisho ya 1993 yanamtaka awe na uangalifu wa ziada kwa watumiaji walio dhaifu zaidi, hasa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli, watoto, wazee na walemavu.

Mwendesha baiskeli anatakiwa kukaa kulia, kushika usukani angalau kwa mkono mmoja, kutojifunga wala kujishikiza kwenye gari linalomvuta, na kutobeba kitu kinachomzuia kuiongoza baiskeli au kuwahatarisha wengine. Baiskeli yake iwe na breki inayofanya kazi, kengele, kiakisi chekundu nyuma, na taa mbele na nyuma usiku. Anayeisukuma kwa mguu anahesabiwa kuwa mwenda kwa miguu, lakini, tofauti na waenda kwa miguu wengine, anabaki upande wa kulia, kufuata mwelekeo wa magari. Kanuni hii inawahusu moja kwa moja wasukumaji wa mawese, na inafaa ifundishwe sokoni na shuleni kama inavyofundishwa alama yoyote ya barabarani.

Upande wa tatu ni mwenye barabara, yaani serikali. Vizuizi vya mvua, vinavyofungwa ili kamyo zisipite kabla udongo haujakauka, huzuia mikondo mirefu ya matairi inayomwangusha mwendesha baiskeli wiki zinazofuata. Mtaro ukizibuliwa na majani ya pembeni yakifyekwa, msukumaji anapata mahali pa kusimama. Fedha ya FONER hutoka kwa wenye magari, lakini matunzo inayoyalipia ni haki ya kila anayepita.

Wajibu wa barabarani unagawanywa kwa wote, ila haugawanywi sawasawa. Msukumaji asiye na taa anahatarisha hasa maisha yake. Dereva wa kamyo anayekimbia anahatarisha ya kila aliye mbele yake. Kwa zaidi ya karne moja watu wa Kasongo na Kabambare walisukumwa pembeni ya njia waliyoijenga kwa mikono yao. Haki inadai utaratibu huo ugeuzwe: mwenye uzito na mwendo mkubwa awe wa kwanza kupunguza, naye mwenye baiskeli aonekane, asikike na ashike upande wake.