Dawa Iliyotafutiwa Ugonjwa Mwingine

Anayetoka Maisaka, mjini Babati, kwenda Dodoma hupita kwenye njia kuu ya zamani ya Cape hadi Cairo. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa kikiwa cha lami Julai 2018. Kabla ya hapo, hasa masika, kumfikisha mgonjwa kwenye hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, kulikuwa mtihani wa ukoo mzima, na ukoo hauingii mtihani kwa jambo dogo. Aliyepelekwa ni yule aliyevua nguo sokoni au kutishia kuchoma nyumba. Anayenawa mikono mpaka ngozi ichubuke, au anayeamka usiku tena na tena kushika komeo, alibaki nyumbani akiitwa msafi kupindukia, au mwoga.

Hospitali za akili zenyewe zilianzia kwenye mtazamo huo. Lutindi, kwenye milima ya Usambara, ilianza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha enzi hizo hizo za Wajerumani ikawa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa akili. Mirembe ilifunguliwa 1927 chini ya Waingereza. Wakoloni walitaka pa kumweka mtu anayesumbua wengine. Ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia humsumbua kwanza mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe anajua fika kwamba komeo limefungwa. Kujua huko ndiko kunakomtia aibu, akaficha.

Dawa yake nayo hakuna aliyeitafuta. Miaka ya 1950 kampuni ya Geigy ya Uswisi ilimpa daktari Roland Kuhn, katika hospitali ya Münsterlingen, kemikali iliyotarajiwa kuwasaidia wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwafaa, wengine walizidi kuchachamaa. Januari 1956 Kuhn akawapa wagonjwa wa sonona, na baada ya siku chache mmoja wao akaonekana mtu mwingine. Ndiyo imipramini. Sifa ya ugunduzi huo ina doa lake: utafiti wa wanahistoria uliotoka 2019 ulionyesha kwamba Kuhn alijaribu dawa nyingi kwa wagonjwa ambao wengi wao hawakuombwa ridhaa.

Geigy iliongeza chembe ya klorini kwenye imipramini, ikapata klomipramini. Nayo ilikusudiwa sonona. Mwaka 1967 nchini Hispania, Fernández-Córdoba na López-Ibor waliandika kwamba wagonjwa wenye mawazo ya kung'ang'ania walikuwa wakipata nafuu. Wengi walidhani ni sonona tu iliyopungua, na mengine yakafuata. Dhana hiyo ilivunjwa miaka ya 1980: desipramini, dawa ya ukoo huo huo na nzuri kwa sonona, iliposhindanishwa na klomipramini kwa wagonjwa hawa, iliachwa mbali. Tofauti kubwa ilikuwa serotonini, kemikali ambayo klomipramini huizuia isirudishwe haraka ndani ya chembe za ubongo. Marekani iliidhinisha klomipramini kwa ugonjwa huu 1989. Jaribio lililochapishwa 1991, lenye wagonjwa zaidi ya 500, lilionyesha dalili zikipungua kwa takriban asilimia 40 katika wiki 10; waliopewa kidonge kitupu walipata asilimia 5 au chini yake. Asilimia 40 si kupona. Kwa aliyekuwa akipoteza nusu ya siku kwenye ndoo ya maji, ni saa kadhaa za kwenda shambani.

Miaka hiyo ya 1980, Tanzania, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilikuwa ikijaribu kuishusha huduma ya akili hadi zahanati, katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro. Babati haikuwamo; ilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Arusha. Mkoa wake wa sasa, Manyara, ulizaliwa 2002. Dawa ya sonona iliyokuwamo kwenye orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya shirika hilo, 1977, ni amitriptilini, ambayo kwa ugonjwa huu haina nguvu ya klomipramini. Fluoksetini, inayoufaa zaidi kuliko amitriptilini na yenye usumbufu mdogo mwilini, iliingia kwenye orodha hiyo 2007.

Hata hivyo fluoksetini ina masharti yake. Dozi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya sonona, nafuu husubiriwa wiki 8 hadi 12, na kichefuchefu na kukosa usingizi hutangulia nafuu hiyo. Mgonjwa aliyepewa vidonge vya mwezi mmoja, kisha akakuta dirisha la dawa halina kitu, huacha akiwa bado hajafika pale dawa inapoanza kufanya kazi. Akirudi kijijini atasema ameijaribu na haikumsaidia.