Kikoa cha Tovuti ya Biashara Kisajiliwe kwa Jina la Mmiliki
Tovuti ya biashara inayojitegemea huhitaji mambo matatu: jina la kikoa, nafasi kwenye seva na programu ya kuiendesha, kama WordPress, ambayo hupatikana bila malipo. Nchini Tanzania, vikoa vinavyoishia na .co.tz ni vya biashara na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa.

Mmiliki ahakikishe kikoa kimesajiliwa kwa jina lake au la kampuni yake, si la fundi aliyemtengenezea tovuti. Vinginevyo, wawili hao wakitofautiana, anwani iliyokwisha kuzoeleka kwa wateja, pamoja na barua pepe zinazoitegemea, huweza kumponyoka. Usajili una ukomo. Ada ya kuuhuisha ilipwe kabla ya tarehe ya mwisho, kwani kikoa kilichoachwa huweza kusajiliwa na mtu mwingine.