Kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa baada ya kujifungua

Ni hali ya mzazi kukosa au kupungukiwa na hamu ya kujamiiana katika wiki au miezi ya baada ya kujifungua. Huwapata wanawake wengi na si ugonjwa, wala si dalili kwamba mzazi hampendi tena mumewe. Kondo la nyuma linapotoka, kiwango cha homoni ya estrojeni hushuka ghafla. Kwa anayenyonyesha, prolaktini, homoni inayochochea utengenezaji wa maziwa, huendelea kuizuia estrojeni isipande, hivyo uke huwa mkavu na tendo huuma. Sababu nyingine ni kukosa usingizi, mshono wa msamba au wa upasuaji, hofu ya kushika mimba tena, na sonona, ambayo huhitaji matibabu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, mzazi hupumzishwa siku 40, desturi inayomlinda kwa busara. Lakini kutimia kwa arobaini hakumaanishi kwamba mwili uko tayari, na asilazimishwe. Vilainishi vya maji hupunguza maumivu. Maumivu yasiyokoma au huzuni inayozidi wiki 2 ielezwe kliniki. Akianza tena tendo, akumbuke kwamba mimba huweza kuingia hata kabla hedhi haijarudi.