Vita vya Saratani Haviishii Hospitalini



Mkazi wa Rwezamenyo, wilayani Nyarugenge, anayeugua saratani leo aweza kuondoka nyumbani asubuhi, akavuka jiji la Kigali hadi Hospitali ya Jeshi ya Kanombe, akapata tiba ya mionzi, kisha akarejea kwa jamaa zake kabla ya jua kuchwa. Jambo hilo ni la juzi tu.

Mnamo Julai 2012 kilifunguliwa kituo cha saratani cha Butaro, wilayani Burera, kaskazini ya Rwanda. Hapo wagonjwa walipata uchunguzi, dawa na upasuaji. Lakini mionzi ilikuwa bado haijafika nchini, na waliohitaji tiba hiyo walipelekwa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2016 mashine ya Mulago, mjini Kampala, iliharibika, na wengi wa Uganda na nchi jirani wakakosa tegemeo. Wengine walilazimika kusafirishwa hadi Nairobi. Ndipo mwaka 2019 mashine za mionzi zilipoanza kazi Kanombe. Hospitali ya askari ikawa kimbilio la raia.

Hata hivyo, kuna historia ya pili, nayo haisimuliwi sana. Ni historia ya kumtunza binadamu, wala si kuushambulia uvimbe peke yake. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua mjini London hospitali ya St Christopher's, akifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani kwa hatua tatu, kuanzia dawa nyepesi hadi mofini. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mjini Kampala, ambako mofini ya maji, ya bei nafuu, ilipelekwa hadi majumbani. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo. Rwanda nayo, mwaka 2011, ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kuwa na sera ya taifa ya huduma hiyo.

Historia zote mbili zina funzo moja. Mashine huweza kumaliza kazi yake katika wiki chache. Mahitaji ya mgonjwa hayaishi siku hiyo. Aliyefanyiwa upasuaji wa titi huenda akavimba mkono, asiweze kubeba mzigo mzito. Dawa kali huweza kuacha ganzi vidoleni, na uchovu usioondoka kwa usingizi. Mtu amepona, lakini kila kikohozi chamtia hofu kwamba adui amerudi. Nauli ya kwenda kupimwa tena yatakiwa, chakula chatakiwa, na watoto wangoja karo.

Hapa ndipo askari na polisi wanapohusika. Mwenzao arudipo kambini au kituoni baada ya tiba, huonekana mzima. Akichelewa gwarideni, aweza kudhaniwa mvivu. Akiomba kazi nyepesi, aweza kudhaniwa ametumia ugonjwa kuwa kisingizio. Dhana hizo humfanya anyamaze, afiche maumivu, na pengine aache kurudi kliniki, ambako kurejea kwa ugonjwa kungegunduliwa mapema.

Jeshi lolote lenye nidhamu halimwachi majeruhi njiani kwa sababu risasi zimenyamaza. Vivyo hivyo, kamanda mwema humpa aliyetoka kwenye saratani ruhusa ya kwenda kupimwa, humpangia kazi kwa kadiri ya nguvu zake, na huhakikisha familia yake haijasahauliwa. Wahenga walisema: mgonjwa haulizwi uji. Hupelekewa.

Mashine zimefika Kanombe. Sehemu ya vita iliyobaki iko kambini, vituoni na katika nyumba za Rwezamenyo.